Uliza Mzee wa Pedi: Kaseti ya michezo milioni, kobe wa ngazini na dunia ya hasi moja

Mario alitimiza miaka 40 Septemba 13, 2025 (nahesabu tangu gemu yake ya Super Mario Bros., ya kampuni ya Nintendo, itoke Japani), na tangu hapo barua za safu hii zimekuwa za fundi bomba huyu tu. Za gemu za mpira nimeziweka pembeni, wenyewe wanisamehe hadi toleo lijalo. Zile za "nani zaidi, Mario au Sonic" nimezirudisha kwenye bahasha zake. Ugomvi huo hauishi, na mimi si refa, nina upande wangu.

Shikamoo Mzee wa Pedi. Miaka ya 2000 hapa Tabora tulikuwa na kaseti ya njano iliyoandikwa "9999999 in 1". Kaka yangu anaapa kwamba kwenye ile orodha kulikuwa na Mario anayeanzia mbali, karibu na mwisho, na nyingine Mario alikuwa anaogelea nchi kavu. Mimi namwambia aliota. Tumeshabishana hadi msibani. — Mdogo Mtu, Tabora

Marahaba. Kamwombe kaka yako radhi, tena mbele ya hao hao waliowasikia msibani.

Kaseti zile hazikuwa na michezo milioni wala elfu. Zilikuwa na michezo michache, ikirudiwarudiwa kwenye orodha kwa majina tofauti. Namba 1 Mario, namba 2 Contra, unashuka weee, mbele huko unakutana na Mario yuleyule kapewa jina jipya. Lakini waliozitengeneza hawakuwa wavivu kama tulivyodhani. Super Mario Bros. nzima, na muziki wake na dunia zake 8 zenye stegi 4 kila moja, ina kilobaiti 40: 32 za programu na 8 za picha. Picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp inaimeza gemu hiyo na nafasi inabaki. Ndani ya kumbukumbu ya mashine kuna kijisehemu kinachoshika namba ya dunia uliyopo. Orodha ya kaseti ilikuwa inaandika namba pale kabla mchezo haujaanza. Badala ya kukuanzishia dunia ya 1, inakuanzishia ya 5 au ya 7. Kwa hiyo "michezo" minne kwenye orodha ilikuwa ni mlango mmoja uliofunguliwa sehemu nne.

Hilo la kuogelea ndilo tamu zaidi. Watoto wa Japani waligundua ujanja wake kwenye Famicom halisi (mashine ya gemu ya Nintendo kule kwao), bila kaseti ya kuiga. Unacheza Mario, unachomoa kaseti huku mashine inawaka, unachomeka kaseti ya Tennis, unabonyeza reset, unamkimbiza mchezaji uwanjani kidogo, kisha unachomoa tena na kurudisha Mario. Unashikilia A, unabonyeza Start. Hatua za mchezaji wa tenisi zilikuwa zinahesabiwa palepale ambapo Mario anahifadhi namba ya dunia ya kuendelea, na reset haikuwa inafuta sehemu hiyo. Dunia 8 zikawa 256. Wenyewe kina Shigeru Miyamoto, waliobuni gemu hii, hawakuwahi kuzichora hizo za ziada. Mashine inaokota data isiyohusika na kujitahidi kuijenga kama stegi. Nyingi zinakwama, nyingine zinatoka na Mario anapiga mbizi mahali penye ardhi na ngome. Mtu yeyote aliyeweza kuandika namba ya dunia kwenye orodha ya kaseti aliweza kuandika 9 pia. Kaka yako hakuota.

Ujanja wa Tennis usiujaribu kwenye mashine unayoipenda. Kuchomoa kaseti umeme unapita ni njia fupi ya kuja kwangu na uso wa huzuni.

Na la mwisho kwako: kwenye orodha zile kulikuwa na Mario ambaye si Mario. Armadillo, gemu ya Kijapani ya kakakuona anayejiviringisha, ilibandikwa kichwa cha Mario na kuuzwa kama "Super Mario IV". Gemu ya The Flintstones nayo ilifanyiwa hivyohivyo, ikatoka na skrini ya mwanzo iliyoandikwa "7 Grand Dad". Kama mmewahi kumwona Mario kashika rungu la watu wa mapangoni, mlikuwa mmeuziwa hiyo.

Mzee wa Pedi, mwanangu kaletewa mashine ya gemu ya Switch na mjomba wake aliyeko Muscat. Ndani yake kuna Mario ile ya kwanza. Sasa muziki unakimbia, Mario anakimbia, na mimi niliyekuwa naimaliza nikiwa mdogo natumbukia shimoni stegi ya pili. Mtoto ananicheka. Wameibadili, au ndiyo uzee? — Bingwa Mstaafu, Unguja

Uzee upo, Bingwa, ila safari hii umesingiziwa.

TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, unaochora picha mara 50 kwa sekunde. Japani na Marekani walikuwa na NTSC, mara 60. Sasa, Super Mario Bros. haijui sekunde. Inahesabu picha. Kila picha inapochorwa, Mario anasogea kiasi fulani, kobe anasogea kiasi fulani, na wimbo wa Koji Kondo unasogea kiasi fulani. Mashine za kuiga tulizonunua Kariakoo, Darajani au Luthuli kule Nairobi, nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya TV za PAL, lakini zilikuwa zinaendesha mchezo wa Kijapani vilevile ulivyo. Matokeo yake ni gemu iliyopungua mwendo kwa sehemu moja ya sita, na sisi tukakua tukijua huo ndio mwendo wake.

Chukua ile saa ya juu kulia inayoanzia 400. Kila namba inadumu picha 24. Kwenye NTSC, 400 zinaisha kwa sekunde 160. Kwenye mashine yako ya utotoni zilikuwa zinaisha kwa sekunde 192. Ulikuwa na nusu dakika ya bure kila stegi, na kila kobe alikuwa anakujia kwa adabu. Sauti haikuwa nzito kwa sababu prosesa zilikuwa na kasi inayokaribiana. Kilichopungua ni mwendo wa wimbo, si unene wake. Ndiyo maana hukuwahi kuhisi kuna tatizo.

Nilipokuwa na kibanda Ngamiani, Tanga, baharia mmoja aliniletea mashine ya NTSC. Kwenye TV yangu ya inchi 14 ikatoa picha nyeusi na nyeupe, na Mario akawa anakwenda mbio. Watoto wakasema ina majini, wakakataa kuilipia hata shilingi hamsini. Walikuwa wanaitazama gemu kama ilivyotoka kiwandani, wakaiogopa.

Dawa yako ni mazoezi ya kidole. Kitufe cha kuruka ukikigusa tu, Mario anaruka kidogo. Ukikishikilia, mvutano wa kumshusha unalegezwa na anapaa. Kasi pia inamwongezea kimo. Vidole vyako vinakumbuka kushikilia kwa mwendo wa picha 50 kwa sekunde. Fupisha mshiko huo, na macho yaweke mbele ya Mario, si juu yake. Siku chache tu utakuwa umemfunga mdomo kijana wako.

Kaka, mambo? Mimi hucheza kwa emyuleta (programu ya kuiga mashine ya gemu) hapa Kisumu. Nilikaa kwa ngazi za 3-1 nikimkanyaga yule kobe, roho zikiongezeka, zikapita 9 nikaona taji, baadaye herufi za ajabu. Nikasema leo hii gemu nitaimaliza hata nikifa mara mia. Nikafa mara moja tu: GAME OVER. Nilidhulumiwa? — Mwenye Taji, Kisumu

Poa sana. Hukudhulumiwa, ulishiba kupita kiasi.

Kwa wasioujua ujanja wenyewe: mwisho wa 3-1 (dunia ya 3, stegi ya 1) kobe wawili wanashuka ngazi. Ukimkanyaga mmoja pembezoni mwa ngazi, gamba lake linagonga ukuta wa ngazi na kukurudia chini ya miguu, unalikanyaga tena, linagonga tena. Alama zinapanda 100, 200, 400, hadi 8000, halafu kila mguso ni 1UP, yaani roho moja ya ziada. Kinachokusimamisha ni saa ya stegi.

Tatizo ni kwamba roho zinahifadhiwa kwenye baiti moja, na baiti inaweza kusomwa kwa namna mbili: kuanzia 0 hadi 255, au nusu yake ya juu ikachukuliwa kuwa namba hasi. Ukifa, gemu inapunguza roho moja na kuuliza swali moja tu: je, iliyobaki ni hasi? Ukivuka 128, jibu linakuwa ndiyo. Mashine inaona una deni, inafunga biashara. Skrini ya namba nayo ilipangiwa kumi moja tu, ile taji. Zaidi ya hapo inachukua picha yoyote iliyofuata kwenye ghala lake, ndiyo herufi zako za ajabu.

Kwa hiyo ukiona taji na alama moja isiyoeleweka, shuka ngazi uende zako. Ukiwa umezidisha tayari, cheza bila kufa, maana mtu asiyekufa haulizwi deni.

Kuna rafiki yangu anasema kuna dunia inayoitwa hasi moja, ukiingia hutoki. Ni kweli, na inaingiwaje? — Mdadisi wa Iringa

Ni kweli. Mwisho wa 1-2, yale mapango ya chini, kuna bomba la kutokea upande wa kulia na ukuta juu yake. Vunja matofali ya dari yaliyo karibu na bomba, ila lile linalogusana nalo liache. Simama ukingoni mwa bomba ukiwa mkubwa, chuchumaa, ruka kwa nyuma. Ukipatia pembe, Mario anazama ukutani na kuteleza kulia hadi kwenye chumba cha mabomba matatu. Ingia bomba la kwanza kabla maandishi ya kukukaribisha hayajatokea.

Siri iko kwenye neno "kabla". Chumba hicho kinapewa namba zake (4, 3 na 2) pale skrini inapofika mahali fulani. Wewe umepenya ukutani, skrini haijafika, kwa hiyo mabomba bado yana namba zilizoandaliwa kwa chumba kingine cha huko 4-2: 36, 5 na 36. Hiyo 36 ni alama ya nafasi tupu, kwa sababu chumba cha 4-2 kina bomba moja katikati na pembeni hamna kitu. Unaingia dunia ya 36. Namba 36 ikichapwa inatoka nafasi wazi, na unabaki unasoma " -1". Hasi haikuwepo, ni kile kistari tu kati ya dunia na stegi.

Humo ndani ni maji, ramani ileile ya 7-2, na bomba la mwisho linakurudisha mwanzo. Unaogelea hadi saa ikuishie. Ila kwenye toleo la diski la Kijapani ni habari nyingine: kuna stegi tatu, na mwisho wake upo.

Nikiulizwa kitu gani kizuri zaidi ndani ya Super Mario Bros., nakitaja hiki mapema sana. Nafasi tupu iliyosahauliwa na bomba lisilochorwa zimewapa watoto wa dunia nzima hadithi ya kuogofya kuliko yoyote ambayo kampuni ingeandika.

Ustadh mmoja mtaani kwetu kasoma mtandaoni kwamba yale matofali ni watu, na Mario anawaua. Mtoto wangu sasa hataki kuyagonga. — Mama wa Mikocheni

Mama, mwambie mtoto agonge.

Ustadh hakutunga. Kitabu cha maelezo cha toleo la Marekani kinasema Koopa, kabila la kobe wachawi, walitumia uchawi kuwageuza raia wapole wa Ufalme wa Uyoga wawe mawe, matofali na mimea. Mtu akichukua sentensi hiyo na kuibana, anapata mauaji. Lakini hadithi ile iliandikwa kufunika kanuni zilizokuwepo: Mario mdogo tofali linamshinda, Mario mkubwa analivunja, na hiyo ndiyo namna ya gemu kukuonyesha kwamba uyoga uliokula umekuongezea nguvu. Sisi tulicheza miaka yote bila kitabu, kaseti zetu zilikuja kwenye mfuko wa nailoni, na hatukukosa chochote.

Na mkicheza tena, mtoto amtazame Mario kwa makini anaporuka. Mkono uko juu. Anagonga kwa ngumi. Kichwa tumemsingizia sisi.

Assalaam alaykum. Mzee, toleo lililopita umeandika Super Mario Bros. 3 haijapitwa. Subhanallah! Galaxy je? Odyssey je? 64, iliyofundisha dunia nzima kutembea ndani ya 3D? Nakuheshimu, lakini hapa umetawaliwa na utoto. — Nahodha, Mombasa

Wa alaykumu s-salaam, Nahodha. Sirudi nyuma, ila nitakueleza kwa nini.

Kwenye dunia ya 5 ya Super Mario Bros. 3, stegi ya tatu, kuna adui mdogo anarukaruka ndani ya kiatu cha kijani. Ukilipiga tofali alilosimamia kutoka chini, anadondoka, kiatu kinabaki, wewe unaingia. Unakanyaga miiba, unakanyaga maua yanayouma, unaruka ndani ya kiatu kimoja kama kichaa. Ni raha tupu. Stegi inaisha na kiatu kinaisha. Hukioni tena gemu nzima! Watu wa mwaka 1988, Miyamoto na Tezuka na wenzao, walikuwa na wazo ambalo wengine wangelijengea gemu kamili, wakalitumia mara moja wakasonga. Dunia ya 4 ni ya majitu: kobe mkubwa kuliko wewe, mabomba makubwa kuliko nyumba. Jani linakupa mkia, na mkia unakupaisha ukishakimbia hadi kipimo cha P kijae. Stegi nyingi unazivuka kwa dakika moja au mbili. Hamna inayokaa hadi ikuchoshe.

Tena kazi yenyewe imevaa joho la mchezo wa jukwaani. Inaanza kwa pazia kufunguka. Matofali ya nyuma yamefungwa kwa skrubu na yana vivuli vyake, vikanyagio vingine vinaning'inia, na mwisho wa stegi unatokea kulia penye giza kama msanii anayerudi nyuma ya jukwaa. Watu walihisi hivyo miaka mingi. Mwaka 2015 Miyamoto alikubali kwamba ndivyo.

Sasa Odyssey, ya 2017. Kofia inayomfanya Mario aingie mwilini mwa chura, risasi inayoruka, hata nyama ni ufundi mkubwa, sibishi. Lakini miezi ile ya kuokota (ya angani, si ya kalenda) ni mamia, na mingi unapewa kwa kukalia benchi au kupiga jiwe. Baada ya muda unaokota kwa mazoea. Galaxy ya 2007 nakupa heshima zote: sayari ndogo unayoweza kuizunguka kwa miguu na chini ikageuka juu, hilo sijaona aliyelifanya vile kabla yake. Ungeniuliza ya pili ni ipi, ningekupa hiyo bila kugombana.

Na 64 ya 1996 ndiyo mwalimu, umesema kweli. Kijiti cha analogi kikisukumwa kidogo Mario ananyata, kikisukumwa sana anakimbia. Gemu nyingi za 3D zilizofuata ziliukopa mkono huo. Lakini kaa leo na Tick Tock Clock, ile saa kubwa, uone kamera inavyokuficha ukingo unaotaka kurukia. Nyota 120 nilizipata kwa hasira. Mwalimu anaweza kuheshimiwa bila kuambiwa bado ana mbio.

Utoto wangu hauhusiki. Kaseti ya Super Mario Bros. 3 niliipata nikiwa na ndevu.

Mzee wa Pedi, nina binti wa miaka 6 na kaka yake wa 11. Kaka anataka gemu ya Mario wacheze wawili. Binti akidondoka shimoni analia na kutupa pedi. Ninunue ipi kabla TV haijapasuka? — Mama Wawili, Morogoro

Super Mario Bros. Wonder, ya Oktoba 2023, kwa Switch. Usihangaike na nyingine kwanza.

Binti mpe Yoshi au Nabbit. Hawa wawili maadui hawawaumizi. Wanakosa zile nguvu za kubadilika, lakini kwa umri wake hilo si hasara. Kaka achukue Mario au yeyote. Kaka akifika pagumu, anaweza kupanda mgongoni kwa Yoshi, yaani ndugu mdogo ndiye anayembeba mkubwa, na usishangae binti akitaka hiyo iwe kazi yake siku nzima. Mashimo bado yanaua, lakini mtu akianguka anageuka mzuka kwa sekunde chache, na mwenzake akimgusa anarudi palepale. Mchezo unaendelea, machozi hayana nafasi.

Halafu, tofauti na New Super Mario Bros. Wii ya 2009, humu wachezaji hawagongani. Ile ya 2009 nimeona ndugu wa damu wakisukumana shimoni ndani ya gemu, kisha wakasukumana sebuleni. Kama mtampata mtu anaiuza kwa bei nzuri, ipiteni hadi binti afike darasa la tano.

Pedi ziwe mbili kamili na zifungwe kamba mkononi. Na kaka aambiwe mapema kwamba kunyang'anya pedi "nikusaidie" ni kosa la kadi nyekundu.

Za harakaharaka

*Kwa nini anaitwa Mario?* (Mwanafunzi, Kigoma.) Mwaka 1981 kwenye Donkey Kong alikuwa seremala na aliitwa Jumpman. Ofisi ya Nintendo ya Marekani ilikuwa imepanga ghala kwa mfanyabiashara aitwaye Mario Segale, wakamrithisha jina. Ufundi bomba ulikuja 1983 na Mario Bros., pamoja na mdogo wake Luigi. Sharubu na kofia zilitokana na uhaba wa nukta: mdomo haukuchoreka, nywele zilisumbua kuzichezesha.

*Kupuliza kaseti kunasaidia?* (Fundi Mwenzangu, Dodoma.) Kilichokuwa kinasaidia ni kuitoa na kuirudisha, ili meno yashikane upya. Mate yako yanaleta kutu. Pamba ya masikioni na spiriti, futa, acha ikauke. Wewe fundi unaniuliza hili?

*Luigi yumo ndani ya Super Mario 64?* (Mpenda Kijani, Mwanza.) Kwenye gemu iliyouzwa, hayumo. Lile bamba la ua wa mizimu lililosomwa "L is real 2401" ni ukungu wa picha tu. Lakini mwaka 2020 mafaili ya ndani ya Nintendo yalivuja, na vipande vya Luigi vilikuwemo. Kwa hiyo aliandaliwa, akaachwa nje. Alikuja kupata nafasi kwenye toleo la DS la 2004.

*Ni kweli waziri mkuu wa nchi alivaa kama Mario?* (Msomi, Kampala.) Kweli kabisa. Shinzo Abe wa Japani, kufunga Olimpiki ya Rio 2016, alitokea kwenye bomba la kijani katikati ya uwanja. Kofia ilimkaa vizuri.

*Mbona fataki za mwisho wa stegi mara zinapigwa, mara hazipigwi?* (Fataki, Lindi.) Tazama tarakimu ya mwisho ya saa wakati unagusa mlingoti. Ikiwa 1, unapata fataki moja. Ikiwa 3, tatu. Ikiwa 6, sita. Nyingine yoyote, hupati. Kila fataki ni alama 500. Wanaokimbizana na muda wanazichukia, kwa sababu wanasimama kuzisubiri, na hao siku hizi wanaimaliza gemu nzima chini ya dakika 4 na sekunde 55. Wewe kama huna haraka, simama juu ya ngazi, hesabu, uruke 6 inapokaribia.